Nyumba ya Dahabo, Risiti za Gedi

Risiti zilikuwa saba, na zote niliziandika mimi kwa mkono huu huu unaoandika haya. Zilisomwa kwa sauti, moja baada ya nyingine, mbele ya wazee watano waliokaa kwenye veranda ya duka la nguo hapa Garissa, saa nne asubuhi, jua likiwa tayari limeshakasirika. Kila iliyosomwa ilimwondolea mama mmoja chumba kimoja cha nyumba yake. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vinne, kwa hiyo kufikia risiti ya tano hakuwa na kitu tena, lakini mzee aliendelea kusoma mpaka ya saba, maana sisi ni watu wa haki.

Aliyezileta ni mama mwenyewe, Dahabo Yusuf, mtu wa Kismayu. Alikuja nazo ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, hata kunjo hazina, akampa yule mzee aliyejua kusoma, akatengeneza mtandio wake, akaketi kama mtu aliyekwisha shinda.

"Someni," akasema. "Mimi sina maneno mingi. Maneno yangu yote iko humo."

Mzee akasoma: "Imepokewa kutoka kwa Gedi Hirsi, kodi ya ploti." Akachukua ya pili. "Imepokewa kutoka kwa Gedi Hirsi." Ya tatu. "Gedi Hirsi."

Gedi Hirsi alikuwa ameketi upande wa pili na miwani yake ya dhahabu. Hakuleta karatasi hata moja. Za nini, naye ameshaletewa?

"Walaal, dada yangu Dahabo," akasema kwa upole, "Mungu akulipe kheri. Umenitunzia risiti zangu kuliko hata mke wangu. Yule angewashia jiko."

Watu wakacheka. Dahabo hakucheka. Akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeitwa pale kama mtu wa ofisi ya kodi.

"Ushuru, waambie. Nani alikuwa nakuletea kodi?"

Kando yangu alisimama Bwana Ndolo, mkubwa wangu wa mapato. Hakunitisha, hakunigusa. Alitazama saa yake tu.

"Mwandiko ni wangu," nikasema.

Wakangoja niendelee. Mpaka leo wanangoja.

Sasa nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya kudai kodi za ploti na nyumba. Nyinyi mna kompyuta, sisi tulikuwa na baiskeli. Nimewaona mkipita na hizo shati zenu za kupigwa pasi, mnanisalimu "shikamoo mzee" ingawa nina miaka hamsini na kidogo tu, kisha mnaniuliza siri ya kazi. Siri ninazo. Ofisi sitaitaja, kwa sababu ofisi ni matofali na mabati, na sijawahi kuona bati likimdhulumu mtu. Watu nitawataja.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nilianza kazi kwa kufagia, nikapanda nikawa wa kubeba barua, halafu aliyekuwa akidai kodi akahamia biashara ya miraa, akaniachia baiskeli na kitabu cha risiti, na hiyo ndiyo ikawa sherehe ya kupandishwa cheo. Mji ukanipa jina la Ushuru. Jina alilonipa baba likasahaulika kabisa. Mtoto akikataa kulala mchana, mama yake alimwambia "Ushuru huyo anakuja," naye alilala. Kwa hiyo msiseme sikuusaidia mji huu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shee, mtu wa Lamu aliyekaa Garissa mpaka akasahau ladha ya samaki. Alikuwa anakaa dirishani kupokea pesa, na kalamu zake alizifunga kwa uzi, kila moja na msumari wake. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: "Usiandike nyumba. Andika ploti."

Sikumsikia. Nilikwenda kwenye bulla moja, mtaa wa pembeni, nikakuta nyumba ya duara ya mikeka na ngozi, nikaiandika vizuri sana: mlango mmoja, umbo la duara, hali nzuri. Wiki mbili baadaye nikarudi na notisi. Nikakuta mawe matatu na majivu.

"Nyumba iko wapi?" nikamuuliza jirani.

"Nyumba imeenda Balambala."

"Nyumba inakwendaje Balambala?"

"Kwa ngamia," akasema, akinitazama kwa huruma. "Majani yakiisha huko itarudi. Wacha barua yako, mimi nitaipa."

Nilirudi ofisini nikaandika kwenye ripoti: Nyumba imehama. Mkubwa wa wakati ule, aliyekuwa ametoka Nyeri wiki hiyo hiyo, akaandika chini yake kwa wino mwekundu: Haiwezekani. Mzee Shee alicheka mpaka akashika ukuta.

Somo la pili nilijifundisha mwenyewe, bila msaada. Notisi ikikataliwa mkononi hubandikwa mlangoni. Gundi ya ofisi ilikuwa imekwisha, nami nikaona nina akili, nikakoroga unga wa ngano na maji ya moto, nikabandika notisi za mtaa mzima kabla ya saa tatu. Kufika adhuhuri mbuzi walikuwa wamezila zote, na mbili kati ya hizo walikula pamoja na kipande cha mlango. Mwenye mlango alikuja ofisini kudai fidia. Kwa hiyo mnaposikia kwamba watu wa kaskazini hawalipi kodi, mjue kwamba mwaka mmoja kosa lilikuwa la mbuzi, na mbuzi walikuwa wamealikwa na mimi.

Somo la tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mzee Shee hakuandika risiti kama watu wengine. Aliandika jina la mwenye ploti kama lilivyo kwenye kitabu, halafu chini yake, kwa herufi ndogo, aliongeza "kwa mkono wa" na jina la aliyesimama dirishani. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua.

"Kwa sababu jina halitembei kuja dirishani," akasema. "Anayekuja ni mtu. Na huyo mtu siku moja ataulizwa."

Alistaafu akarudi kwao. Kiti chake cha dirishani nikapewa mimi pamoja na baiskeli yangu, na mkubwa mpya wa mapato akawa Bwana Ndolo.

Lakini kwanza mjue mji ulivyokuwa, maana nyinyi mmezaliwa mkikuta lami. Wakati ule mtu wa Garissa akipanda gari kwenda Nairobi tulisema amekwenda Kenya. Akirudi tulimuuliza, "Kenya hawajambo?" Vizuizi vya polisi vilikuwa vingi, na kwenye kila kizuizi ulitoa kipande, yaani kitambulisho, na ile kadi nyingine ya kuthibitisha kwamba kipande si cha wizi, na bado askari alikuuliza baba yako alizaliwa wapi. Basi sisi, wenye nchi, tulikuwa wageni. Halafu mwaka wa tisini na moja watu wakaanza kuvuka kutoka Somalia wakikimbia vita, maelfu, na asubuhi moja tukaamka tumekuwa Wakenya. Hakuna aliyetupa hati, tulipata tu wa kuwaambia "nyinyi wageni." Raha yake sitaisahau, na haya yake pia.

Wengi walipelekwa kambini, Hagadera na kwingine. Wachache waliokuwa na kitu waliingia mjini wakanunua ploti. Hapo ndipo ilipoanza ile biashara ya kuazima jina. Mgeni hakuwa na kipande cha Kenya, na bila kipande huandikwi kwenye kitabu cha ploti. Kwa hiyo alimtafuta mtu wa ukoo aliye na kipande, akaandikisha ploti kwa jina lake, wakasoma Fatiha mbele ya mashahidi wawili, wakanywa chai ya maziwa, kwisha. Hakuna aliyeona kosa. Jina ni la ukoo, na ndugu huazimana hata ngamia, sembuse jina. Mimi mwenyewe nilidhani ni jambo la busara.

Dahabo alikuja na bangili za dhahabu za mama yake na mashine ya kushonea. Mume alikuwa amepotelea njiani, hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Aliuza bangili akanunua ploti kwenye kiinuko kidogo, akaazima jina la Gedi Hirsi, dalali wa ng'ombe, mtoto wa mjomba wake. Halafu akajenga. Mafundi walimcheka kwa sababu aliwaamuru wanyanyue msingi mpaka kiunoni.

"Eddo, shangazi yangu, hapa jangwa," fundi akamwambia. "Unaogopa maji gani? Mate?"

"Jenga," akasema. "Baba yangu alikuwa fundi. Mto ni mto."

Nilivyomjua ni hivi. Mimi nikiingia mtaani, milango hufungwa. Wanaume huugua ghafla. Nimewahi kuambiwa na mtu, kwa kinywa chake, kwamba hayuko. Sasa mwaka ule nilipita mbele ya nyumba mpya ya Dahabo bila kusimama, kwa kuwa mwenye ploti kitabuni ni Gedi, na Gedi nilikuwa nimechoka kumfuata. Nikasikia nyuma yangu:

"Warya! Wewe mwenye baiskeli! Mbona hukuji kwangu? Mimi si mtu?"

Nikasimama. Miaka yote ya kazi, hakuna aliyewahi kuniita.

"Eddo, mimi ni mtu wa kodi."

"Najua. Jirani yote imekimbia. Kodi ya hii nyumba ni ngapi?"

Nikamwambia. Akaingia ndani akatoka na fedha zimefungwa kwenye ncha ya mtandio. Nikamwambia apeleke dirishani, si kunipa njiani, na hilo pia mlishike nyinyi vijana: pesa ya njiani hupotelea njiani. Akauliza kama dirishani watataka kipande. Nikafikiri, nikaona kwamba hawataki. Liangalieni jambo hili. Kila dirisha la serikali mji huu liliuliza kipande, isipokuwa dirisha la kulipa.

Alikuja kesho yake mapema, akasimama wa kwanza. Nami nikaandika kama nilivyofundishwa: Gedi Hirsi, na chini, kwa mkono wa Dahabo Yusuf. Bwana Ndolo akapita nyuma yangu akaisoma.

"Hii ni nini?"

"Ndivyo alivyotufundisha Mzee Shee, bwana."

"Shee ako wapi sasa?"

"Lamu."

"Basi peleka hii huko Lamu." Akaipasua, akashusha sauti. "Ploti moja, risiti moja, jina moja. Huyu mama ni refugee. Nikiandika jina yake kwa risiti ya serikali, kesho atasema amekuwa raia. Unataka tufutwe?"

Nikaandika upya bila ile sehemu ndogo. Dahabo alikuwa upande wa pili wa wavu, hakujua herufi za kizungu, alisoma chuo cha Kurani tu, lakini macho yake yalifanya kazi.

"Ile ya kwanza ilikuwa ndefu," akasema. "Hii mbona fupi? Jina yangu iko?"

Na mimi, kijana wa Mzee Shee, nikamjibu maneno ambayo ningetoa meno yangu yote ili niyameze: "Haidhuru, eddo. Mwenye risiti mkononi ndiye aliyelipa. Weka tu, usipoteze."

Akaiweka kwenye mkebe.

Miaka iliyofuata hakukosa hata mmoja. Notisi zilikuwa hazijachapishwa, yeye ameshafika. Bwana Ndolo alikuwa akiwapa wengine mfano: "Oneni, hata refugee analipa!" Wenyeji walimchukia kwa hilo. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakimbilia jambo ambalo watu wenye nchi wanalikimbia. Alikuwa anashona kanzu, hakuinua kichwa.

"Kule Hagadera nilikaa miezi minne," akasema. "Wananipa unga, wananipa mafuta, wananipa hema. Hawanijui. Mimi ni namba kwa kadi. Wewe hunipi kitu, Ushuru. Wewe unanidai. Mtu hawezi kudaiwa kama hayuko."

Niliona ni maneno mazuri. Nikapanda baiskeli yangu.

Gedi naye? Kwa miaka hiyo yote Gedi hakufika kwenye nyumba ile zaidi ya kupita kuomba chai. Nilimpelekea mara moja notisi ya nyumba yake mwenyewe, ile ya kule bondeni, akaniambia kodi ni haramu. Nikamuuliza mbona kamisheni ya ng'ombe si haramu. Akasema nisichanganye dini na biashara.

Halafu ikaja mvua ile kubwa, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Nyinyi mlikuwa mnanyonya. Tana ilitoka kwenye kitanda chake ikaja kututembelea majumbani. Barabara ya kwenda Kenya ilikatika, mafuta yakaisha, chumvi ikaisha, mbuzi walikufa wamesimama. Mtaa wa bondeni ukawa ziwa. Na katikati ya maji yale ilisimama nyumba moja kavu, yenye msingi wa kiunoni.

Dahabo alifungua mlango. Waliingia watu nisioweza kuwahesabu, vyumba vyote, na kuku wao. Mmoja wa waliookolewa ni Gedi Hirsi na wake zake wawili na watoto. Alipewa chumba cha mbele. Alikaa hapo wiki nyingi, hana ng'ombe wa kudalali, hana pa kwenda, akawa kazi yake ni kutazama. Nilimkuta mwenyewe siku moja nilipokwenda kwa mtumbwi kupeleka unga. Alikuwa anapima chumba kwa hatua.

"Unafanya nini, Gedi?"

"Nanyoosha miguu."

Januari ikafika maji bado hayajatoka, na hata mwaka ule Dahabo alilipa. Alikuja na sketi imelowa mpaka magotini, ofisi yetu imefunikwa na turubai, mimi nimekaa juu ya meza kwa sababu chini ni tope. Nikamwandikia risiti ya saba. Gedi Hirsi.

Maji yaliporudi mtoni, bei ya viinuko ikapanda mpaka mbinguni. Kila mwenye pesa alitaka nyumba kavu. Gedi alitoka kwenye chumba cha mbele, akaenda kwa wazee, akasema ana nyumba kwenye kiinuko, amemsetiri humo jamaa yake mkimbizi kwa miaka saba bila kumtoza hata senti, na sasa anaitaka. Mashahidi wawili wa ile Fatiha? Mmoja alikuwa amefariki, mwingine alikuwa amerudi Kismayu na hakuna aliyejua kama yu hai. Dahabo hakuogopa. Alikuwa na mkebe.

Yaliyofuata nimeshawaambia. Kilichobaki ni hukumu. Desturi yetu inajulikana: mdai akikosa mashahidi, mdaiwa huapishwa. Hapa mdai alihesabiwa Dahabo, maana kitabu kilisema ploti ni ya Gedi. Huweka mkono juu ya Msahafu mbele ya watu akasema ndivyo au sivyo, na kesi huisha hapo. Nimeona mtu mkubwa, mkali, akikubali kutoa ngamia watatu kuliko kuapa uongo. Kiapo si mchezo kwetu. Sasa mzee mmoja, Mzee Abdullahi, ndiye aliyekuwa mkubwa wao, alikwisha agiza Msahafu uletwe. Bwana Ndolo akainua kidole kama mwanafunzi.

"Wazee, na heshima. Risiti ya serikali haiapishwi. Imeandikwa, imepigwa muhuri. Mkimwapisha huyu bwana, mtakuwa mnasema serikali inadanganya."

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyetaka kusema serikali inadanganya, miaka ile ulijua unakokwenda ukisema hivyo. Mzee Abdullahi akasema, "Basi karatasi zimetosha." Msahafu ukarudishwa msikitini kabla haujafika. Dahabo akapewa siku saba, siku moja kwa kila risiti, nadhani.

Nilimbebea mashine ya kushonea mpaka kwenye lori la Hagadera. Nilimwambia nitaitafuta ile risiti ndefu iliyopasuliwa, maana nakala yake ya kaboni ilibaki kitabuni. Niliitafuta kweli. Niliambiwa kitabu kile kililowa kwenye mafuriko. Vitabu vya mbele na vya nyuma yake vilikuwa vikavu. Ilikuwa mvua yenye macho, ile.

Mpangaji wa kwanza wa Gedi katika nyumba ya vyumba vinne alikuwa nani? Bwana Ndolo. Sitasema alikula kitu, sikuona. Nasema alihamia, na kitanda chake nilibeba mimi kwa kuwa niliagizwa.

Sasa sikieni hii, ndipo mtajua kwamba siandiki kwa chuki tu. Mwaka uliofuata Januari ilipita, dirishani hakuna aliyekuja. Februari ikapita. Ploti ile, iliyokuwa ya kwanza kitabuni miaka saba, ikaingia kwenye orodha ya wadaiwa. Nikaandikiwa notisi nimpelekee Gedi. Aliyeitia sahihi ni Bwana Ndolo, anayelala ndani ya nyumba hiyo hiyo. Nikamkuta Gedi sokoni, kwenye soko la ng'ombe, fimbo begani.

"Gedi, kodi ya nyumba yako ya kiinukoni."

Akaisoma notisi, akanirudishia.

"Hii si yangu."

"Si yako vipi? Wazee wamekupa."

"Nyumba wamenipa. Lakini kodi ni ya yule mgeni. Yeye ndiye siku zote analipa. Muulize mwenyewe."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Rudia."

"Yeye ndiye analipa, Ushuru! Wewe si ndiye ulikuwa naandika? Umesahau kazi yako?" Akacheka, na madalali wenzake wakacheka, ng'ombe wakatutazama.

Nilikimbia, nasema nilikimbia, baiskeli nikaiacha palepale, mpaka kwa Mzee Abdullahi. Nikamwambia: Gedi amekiri, mbele ya watu wa soko, amesema kwa kinywa chake kwamba aliyekuwa akilipa ni Dahabo. Mzee akaniuliza, "Na siku ile, wewe ulisema nini?" Nikamrudia maneno yangu matatu ya siku ile. "Basi," akasema, "kesi ilifungwa siku ile."

Nikaenda kwa Bwana Ndolo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua ile notisi, akafuta jina la Gedi kwa kalamu, akaandika juu yake, kwa mkono wake mwenyewe: Dahabo Yusuf, Hagadera. Jina alilolikataa miaka saba kwenye risiti, aliliandika kwenye deni kwa dakika moja, tena bila kosa la herufi.

"Peleka," akasema.

Na mimi nikapeleka. Andikeni hilo pia. Nilipanda lori la mahindi, nikashuka Hagadera, nikaulizia fundi wa nguo kutoka Kismayu. Mwenye mkokoteni wa punda akanionyesha. Nilimkuta ameketi na mashine yake mbele ya banda la miti na turubai, amekonda. Nilimpa notisi, kwa sababu ndiyo kazi, na kwa sababu nilikuwa na watoto, na kwa sababu zote zile ambazo mtu hujipa.

Aliishika, akaigeuza. "Nisomee."

Nikamsomea. Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Nikilipa, utaandika jina ya nani?"

Nilirudi Garissa, nikaweka kitabu cha risiti na funguo za baiskeli juu ya meza ya Bwana Ndolo, na hiyo ndiyo kustaafu kwangu. Hakuna saa ya ukutani wala hotuba. Kwenye faili waliandika nimeacha kazi kwa hiari.

Kwa hiyo vijana, msije kwangu kuulizia siri ya kazi kama mnauliza dawa ya kikohozi. Mgeni akija dirishani na pesa yake, andikeni jina la aliyesimama mbele yenu, hata mkubwa akipasua, andikeni tena, apasue tena, mpaka achoke yeye. Mimi nilichoka baada ya mara moja.

Na nyinyi niliowataja, nawaita kwa majina. Mzee Abdullahi, Mungu amekupa umri, kaa tena kwenye ile veranda na wenzako waliobaki, mniite. Safari hii nitasema yote, na aibu yangu nitaibeba mwenyewe. Bwana Ndolo, umestaafu na pensheni yako kamili, uje useme ni sheria gani inayokataa jina la mgeni anapolipa na kulikubali anapodaiwa. Nionyeshe ukurasa.

Na wewe Gedi Hirsi. Dahabo bado anashona Hagadera na wewe bado unapokea kodi ya wapangaji wa nyumba yake. Sikuombi huruma wala fidia. Nataka kile ulichoponyoka siku ile. Njoo mchana, mbele ya mji mzima, uweke mkono juu ya Msahafu useme kwamba ulilipa, hata mwaka mmoja tu katika ile saba. Njoo na udhu wako.